Je, niweke karo ya binti yangu kwenye Peugeot 504 ya mwaka 1985?

SWALI

Salaam aleikum mshauri wetu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 47, na makazi yangu ni Kisauni, Mombasa. Mwaka huu tumemaliza kugawana shamba la minazi la marehemu mama yetu huko Kilifi, na fungu langu limekuwa shilingi 700,000. Sijawahi kushika pesa nyingi hivyo kwa pamoja. Nia yangu tangu mwanzo ni kuwa pesa hizi ni za binti yangu. Yuko gredi ya nane na Mungu akijaalia ataingia chuo kikuu baada ya miaka mitano hivi.

Sasa kuna gari mtaa wa Tudor. Ni Peugeot 504 saluni, nyeupe, ya mwaka 1985. Mwenyewe alikuwa mzee mfanyabiashara aliyelinunua likiwa jipya, akalitunza hadi alipofariki mwaka 2019. Tangu hapo limekaa uani limefunikwa turubai. Mwanawe mkubwa analiuza shilingi 480,000. Injini inawaka. Namba yake ni zile za zamani zisizo na herufi mwishoni, na logibuku ipo, ingawa bado ina jina la baba yake.

Aliyenitia hamu hii ni mpwa wangu, fundi wa magari huko Nairobi. Anasema magari ya miaka ya themanini na tisini sasa ni klasiki, na kule Ulaya yanauzwa kwa bei ambayo mtu haamini. Anasema 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, haiundwi tena, na serikali hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo zilizobaki Kenya ndizo hizo hizo na kila mwaka zinapungua. Kwa maneno yake, nikiliweka miaka mitano nitaliuza mara mbili ya bei, na karo itakuwa imejilipa. Zile 220,000 zitakazobaki anataka tuzitumie kulirudisha katika hali yake ya zamani.

Mke wangu hataki hata kusikia. Yeye anataka tununue hati za serikali au tujenge chumba cha kupangisha. Nami nakiri kuwa gari hilo nalipenda. Utotoni mwangu, safari ya Malindi ilikuwa ni 504 familia, watu tisa ndani, na mpaka leo nikiisikia ile sauti yake nageuka.

Muuzaji anataka arbuni ya shilingi 50,000 kabla ya mwisho wa mwezi, anasema kuna mtu mwingine analingojea. Je, hii ni akiba au ni pumbao? Nitoe arbuni?

Mwalimu, Kisauni

JIBU

Wa aleikum salaam, Mwalimu.

Arbuni usitoe. Nakwambia hivyo kabla ya kugusa habari ya bei, kwa sababu ya jambo ulilolitaja kwa nusu mstari tu, nalo ndilo zito kuliko yote uliyoniuliza: logibuku bado ina jina la marehemu.

Mzee alifariki 2019. Tangu siku hiyo gari lile si la mwanawe mkubwa. Ni la warithi wote, mjane kama yuko hai, wana wa kiume na mabinti pia, kila mmoja na fungu lake. Sheria ya urithi ya Kenya inakataza mtu yeyote kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijampa idhini ya kusimamia mirathi, na ni kosa la jinai. Ikiwa familia ni ya Kiislamu, jambo hilo linaweza kupita kwa kadhi hapo hapo Mombasa. Ikiwa si ya Kiislamu, watakwenda kwa hakimu au Mahakama Kuu kulingana na thamani ya mali. Wewe mwenyewe umetoka juzi kugawana shamba la mama yenu, kwa hiyo unajua kazi hii inavyokwenda na unajua ndugu mmoja akiuza kimya kimya wenzake huona nini.

Halafu tazama upande wa karatasi. Siku hizi NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, huhamisha umiliki kwa njia ya mtandao: mwenye gari huanzisha uhamishaji kupitia akaunti yake ya eCitizen, na mnunuzi hukubali kupitia yake. Mwenye gari hili hayupo. Anayeweza kuliomba jambo hilo kwa niaba yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akiwa na hati mkononi. Mwana mkubwa anaweza kukupa funguo, logibuku ya karatasi, nakala ya kitambulisho cha baba na karatasi ya makubaliano iliyotiwa saini mbele ya mashahidi kumi, na bado gari lisiwe lako. Baada ya miaka mitano, ukitaka kuliuza kwa bei nzuri, mnunuzi wa kwanza mwenye akili atakuuliza swali lile lile ninalokuuliza mimi leo. Thamani ya gari la zamani imo katika historia yake: mmiliki mmoja, namba ya asili, karatasi safi. Hili lina vyote hivyo isipokuwa hicho cha mwisho, na kwa 480,000 unaombwa ulipe kana kwamba lina vyote.

Huyo mtu mwingine anayelingojea, kama yupo, naye atakwama pale pale.

Sasa hoja za mpwa wako. Hakukudanganya, kijana ameyasoma mambo haya. Ove Andersson alishinda Safari mwaka 1975 kwa 504, na Jean-Pierre Nicolas akashinda 1978. Sharti la miaka minane nalo ni la kweli, kwa hiyo 504 nyingine haitateremka bandarini Kilindini. Pengine angeweza kuongeza kwamba 504 za Kenya zilikuwa zikiunganishwa Mombasa yenyewe, na kwamba gari hili lilitajwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969 na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Ni gari lenye heshima, na sioni haya kukuambia kuwa nami nalipenda.

Alipoteleza ni kwenye kuunganisha mambo hayo na bei. Gari la Andersson lilikuwa la kiwanda, lenye injini inayopuliziwa mafuta (fuel injection), lililotayarishwa kwa mashindano. La Nicolas lilikuwa koupe, yaani gari la milango miwili, ya V6, gari tofauti kabisa na saluni ya Tudor kwa bodi na kwa injini. Sifa ya ushindi huupandisha thamani ule muundo ulioshinda. Saluni za kawaida huambulia kidogo sana.

Ndivyo ilivyo kwa karibu magari yote ya umri huo ambayo bei zake zinakushangaza. Chukua Mercedes 190E. Kwa jumla Mercedes iliunda magari ya 190 zaidi ya milioni 1.8, lakini ile inayotajwa kwenye minada ni Evolution II ya mwaka 1990, ambayo ziliundwa 502 tu. Subaru Impreza zimejaa barabara za Kenya, ila inayouzwa kwa bei ya nyumba ni 22B ya 1998, ambazo Japani ziliuzwa 400. Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989 ilipanda kwa sababu nyingine kabisa: sheria ya Marekani huruhusu kuingiza gari likishafika miaka 25 bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, kwa hiyo mwaka 2014 mlango ukafunguka na vijana waliolitamani gari hilo tangu utotoni, sasa wakiwa watu wazima wenye kazi, wakaanza kuligombania. Hapo kulikuwa na vitu vitatu kwa pamoja: magari machache, watu wengi wanaoyataka, na watu hao wana pesa. Mpwa wako amekupa kimoja, uchache. Na hata huo, kumbuka 504 ziliundwa zaidi ya milioni tatu duniani.

Niulize basi, nani Kenya atalipa karibu milioni moja kwa 504 saluni? Wapo wachache. Kuna wenye magari ya zamani wanaokutana kila mwaka kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, ambako gari huhukumiwa kwa usafi wake na hali yake, mpaka chini ya sakafu. Kuna wanaotengeneza magari kwa East African Safari Classic, mbio zilizoanza 2003 kwa ajili ya magari ya zamani, lakini hao wengi wao hutafuta Ford Escort, Datsun na Porsche 911. Na kuna watu kama wewe, walioikalia ile 504 familia kutoka Nairobi hadi Nakuru au Mombasa hadi Malindi na bado wanageuka wakiisikia. Watu hawa wapo, ila huwezi kuwapata siku unayodaiwa karo. Soko dogo huuza polepole, na mwenye haraka ndiye anayepunguza bei. Chuo kikuu kina tarehe yake ya kuripoti.

Tufanye hesabu, maana wewe ni mwalimu na utaiona haraka. Gari ni 480,000. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria ukiliendesha, na usitarajie kirahisi kampuni ikupe bima kamili kwa gari la umri huo. Ongeza mafuta, betri, tairi zinazopasuka kwa uzee hata kama hazikutembea, rangi, fundi, pahali pa kulilaza. Tuseme yote hayo ni shilingi 5,000 tu kwa mwezi, na mimi naona nimekuhurumia. Kwa miaka mitano ni 300,000. Sasa zile 480,000 zingekaa kwenye hati fungani za serikali kwa riba ya, mfano tu, asilimia 10 kwa mwaka, zingekupa 48,000 kila mwaka kabla ya kodi, yaani 240,000 kwa miaka mitano, na mtaji wako ungerudi mzima. Jumlisha: ili 504 ilingane tu na karatasi isiyokula mafuta wala kushika kutu, lazima uiuze kwa shilingi 1,020,000. Na hapo sijagusa zile 220,000 za kulirudisha hali yake. Zikiingia, pamoja na riba ambayo nazo zingeleta, bei inavuka milioni moja na robo.

Kwa hiyo kuhusu karo, mke wako ana haki. Hati fungani unaweza kuzinunua mwenyewe kutoka Benki Kuu kupitia DhowCSD, mfumo wake wa mtandaoni, kuanzia shilingi 50,000, na riba huingia mara mbili kwa mwaka. Chagua zinazoiva karibu na mwaka ambao binti atamaliza shule, usije ukalazimika kuziuza kabla ya wakati kwa bei ya kutupa. Chumba cha kupangisha kinategemea kama kiwanja ni chenu na kama 700,000 zitakifikisha kwenye paa, kwani chumba kilichoishia kwenye linta hakilipi kodi.

Hata hivyo sitaki uondoke hapa ukidhani nimekwambia gari hilo ni bure. Limekaa na mwenyewe mmoja maisha yake yote, na magari ya namna hiyo hayapatikani kila siku. Kwa hivyo nenda ukaliangalie vizuri, bila pesa mfukoni, na uende na fundi wa bodi kuliko fundi wa injini. Injini ya 504 hutengenezeka, na spea zake za kawaida bado zinatafutika barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Kinachoua gari la Mombasa ni chumvi. Tudor iko ukingoni mwa maji, na gari limekaa miaka chini ya turubai. Watu hudhani turubai hulinda, kumbe ukilifunika gari kwa kitu kisichopumua katika hewa yetu hii, unyevu hujifungia humo usiku na joto huuchemsha mchana. Ningefurahi zaidi kusikia lilikuwa chini ya paa, wazi pande zote.

Liinueni kwa jeki. Nyanyua mazulia ya ndani, tazama sakafu. Gusa kwa bisibisi chini ya milango, kwenye zile kingo ndefu zinazobeba bodi, na juu ndani ya boneti pale springi za mbele zinaposhikilia. Tazama chini ya kioo cha mbele kwenye kona zake, na sakafu ya buti. Chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye bodi yote: mahali isiposhika, chini ya rangi kuna fila, na chini ya fila kulikuwa na shimo. Kutu ya juu juu kwenye mlango isikutishe. Kutu kwenye kingo na pale springi zinaposhikilia ni kazi ya kuchomelea ambayo inaweza kumeza fungu lote la ukarabati kabla hata ya rangi, na ikifanywa vibaya gari haliko salama barabarani.

Kuhusu injini, “inawaka” ni neno dogo. Bloku yake ni ya chuma na silinda hedi ni ya aluminiamu, kwa hiyo ikipata joto kupita kiasi hedi hupinda na gasketi hutoboka. Wakati injini ingali baridi, fungua kifuniko cha mafuta na cha rediata. Ukiona mafuta yana rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kisha iache iungurume nusu saa kamili na uangalie kipimo cha joto. Muuzaji akiiwasha dakika tatu na kuizima, mwombe aiwashe tena. Halafu hesabu vitu vidogo ambavyo havipatikani Kirinyaga kwa urahisi: taa za asili, vitasa, mpira wa vioo, pambo la mbele, dashibodi isiyopasuka, vitambaa vya viti. Hivyo ndivyo anavyovitazama mtu anayelipa bei ya klasiki. Na soma namba ya chesisi kwenye bodi uilinganishe na logibuku, tarakimu kwa tarakimu.

Kuna jambo moja sitaki ulipuuze kuhusu mapenzi yako. Ukisema unalipenda gari, hiyo ni sababu halali ya kulinunua, na haihitaji kuvishwa nguo ya akiba. Ninachokiona katika barua yako ni kwamba bila hoja ya karo usingethubutu kumwambia mke wako unalitaka. Mwambie hivyo, waziwazi. Mwambie pesa za mama zinakwenda kwa binti, zote 700,000, na kwamba unaomba ridhaa yake ufungue akiba nyingine, ya mshahara wako mwenyewe au ya masomo ya ziada ikiwa unafundisha, kwa ajili ya gari utakaloendesha Jumapili na ambalo hamtalitegemea kwa lolote. Mke aliyekataa karo ya mtoto kuwekwa rehani huenda akakubali hilo. Na mpwa wako, kwa kuwa ni fundi na ana hamu, mchango wake uwe kazi ya mikono yake.

Ukiniuliza utalipata wapi la bei ndogo zaidi, nitakuzuia. 504 ya 150,000 iliyooza kingo itakugharimu kuliko hii ya 480,000. Gari la zamani linunuliwe katika hali bora unayoweza kuimudu, au lisinunuliwe.

Mirathi ya Tudor, hata ikianza wiki ijayo, haitaisha kesho, na hilo ni jambo zuri kwako kwa sababu linakupa muda wa kuweka akiba hiyo. Nenda kwa mwana mkubwa wiki hii. Mpe pole ya baba yake, mwambie gari umelipenda na kwamba hutatoa arbuni mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe. Omba kukutana na ndugu zake, hasa dada zake, usikie kwa vinywa vyao kama wanataka liuzwe. Waombe hati ikitoka wakuarifu wewe kwanza kabla ya mtu mwingine, na wakati huo huo wakuruhusu uende na fundi wa bodi. Kama fundi ataona kutu kwenye kingo, bei ya kuzungumzia si 480,000 tena, na uwaambie ni kwa nini. Kama mwana mkubwa atakataa usionane na dada zake, rudi Kisauni.